Kabla ya Kuisubiri Grafini, Tupime Kisima

Likizo iliyopita tulitumwa, mafrateri wawili wa mwaka wa pili wa falsafa, kusaidia katika kigango kimoja kilichoko mteremko wa kaskazini wa Mlima Meru, upande ule ambao mlima unauzuilia mvua na mgeni hupokelewa na vumbi. Jumapili ya kwanza, baada ya matangazo ya ndoa, katibu wa halmashauri ya walei alisoma barua ya mfadhili wa ng'ambo. Mfadhili huyo, mtu mwema anayetusaidia tangu zamani, aliandika kwamba wataalamu wanatengeneza chujio jipya la maji kwa kitu kiitwacho grafini, na kwamba likishakuwa tayari atatununulia moja kwa ajili ya kisima cha kigango. Watu walipiga makofi. Tulipotoka nje mama mmoja wa WAWATA alitushika mkono. "Frateri, hiyo grafini ndiyo kitu gani? Na itafika lini? Maana mjukuu wangu anatimiza mwaka mwezi ujao."

Swali la kwanza tulilijibu vibaya. La pili hatukulijibu kabisa. Makala haya ni jaribio letu la kuyajibu yote mawili, na tunaomba wasomaji wetu, hasa mapadre wenye visima katika parokia zao, watuvumilie kama vijana wenye maneno mengi.

Tuanze na meno. Sisi wote wawili tumezaliwa upande huo wa mlima, na meno yetu yana rangi ya chai ya rangi. Tulipokwenda seminari ndogo katika mkoa mwingine, wenzetu walidhani hatupigi mswaki, na mlezi mmoja alimwita mmoja wetu pembeni kumwuliza kama anavuta sigara. Hakuwa anavuta. Alijifunza kucheka akiwa amefunga mdomo, na hata leo kwenye picha za darasa utamwona hivyo. Kisababishi ni floridi, chumvichumvi inayotoka katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na kuyeyuka katika maji. Kidogo chake husaidia meno. Kikizidi, mtoto anapokunywa katika miaka minane hivi ya kwanza, meno ya kudumu yakiwa bado yanaumbwa ndani ya ufizi, huota yakiwa na madoa, na hakuna mswaki unaoyatoa. Kikizidi sana na kwa miaka mingi huingia mifupani: viungo hukakamaa, migongo huinama, na miguu ya watoto hupinda. Wazee wa namna hiyo tumewapelekea Komunyo nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Kwa muda mrefu nchi yetu iliruhusu hadi 8 vijijini, baadaye 4, si kwa sababu mifupa ya Watanzania ni migumu zaidi, bali kwa sababu kuna mahali ambapo ukikataza maji hayo huna mengine ya kuwapa watu. Ubaya wa floridi ni kwamba haina rangi, haina harufu, na ladha yake huwezi kuitambua. Kuchemsha hakuiondoi. Kunaiongeza, maana maji hupungua kwa mvuke na floridi hubaki sufuriani. Mama anayechemsha maji ya mtoto kama alivyofundishwa kliniki anafanya vema kwa upande wa vijidudu, na kwa upande wa floridi hafanyi kitu. Na akitia magadi kwenye maharage yaive upesi, huenda anaongeza nyingine, kwa kuwa magadi ya kwetu mara nyingi nayo huwa na floridi.

Sasa grafini. Ni kaboni, ile ile ya kwenye makaa na kwenye ncha ya penseli. Ncha ya penseli ni grafiti, na grafiti ni karatasi za atomi za kaboni zilizolaliana kama kurasa za misale. Chukua ukurasa mmoja tu, wenye unene wa atomi moja: hiyo ndiyo grafini. Milimita moja ya grafiti ina kurasa kama milioni 3. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, waliutenga ukurasa huo kwa utepe wa gundi wa kawaida, wakibandika na kubandua, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Tunapenda sana habari ya ule utepe.

Lakini grafini isiyo na kasoro haichuji kitu, kwa sababu haipitishi kitu. Mwaka 2008 ilichapishwa taarifa ya jaribio lililoonyesha kuwa hata gesi ya heli haipenyi. Ili iwe chujio ni lazima itobolewe, na matundu hayo yawe na upana usiofika nanomita moja. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Jambo hilo lilitukesha bwenini. Tumefundishwa kwamba ubaya ni ukosefu wa kitu kinachostahili kuwapo, na hapa ukosefu ndio unaofanya kazi yote. Mwalimu wetu wa metafizikia alitujibu kwa ufupi kwamba tundu lililokusudiwa si ukosefu, ni umbo. Jibu tumelipokea, kuridhika bado.

Mwaka 2012 David Cohen-Tanugi na Jeffrey Grossman, wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba karatasi ya grafini yenye matundu ya kipimo sahihi ingezuia chumvi na kupitisha maji kwa wingi unaozidi mno tando zinazotumika leo kusafisha maji ya bahari. Ahadi nyingi zimezaliwa hapo, na pengine ndipo ilipozaliwa barua ya mfadhili wetu.

Kompyuta, hata hivyo, haibebi maji. Karatasi ya unene wa atomi moja, hata iwe na nguvu ya kushangaza kwa unene wake, huwezi kuitandaza wazi mdomoni mwa bomba na kuisukumia maji. Ni lazima ilazwe juu ya kitu kingine chenye vitundu, kinachoibeba bila kuziba njia. Tukiite kibebeo. Mpishi wetu hapa seminarini anaijua kanuni hiyo kuliko sisi. Anapochuja maziwa hulaza kitambaa chepesi juu ya chujio la plastiki. Kitambaa ndicho kinachozuia nywele na nyasi. Chujio la chini lina matundu makubwa na halizuii kitu, lakini bila hilo kitambaa kingetumbukia sufuriani. Na kitambaa kikiwa na mtatuko mdogo pembeni, uchafu hupita hapo hapo, na usafi wa sehemu iliyobaki haukusaidii kitu.

Kazi kubwa ya maabara iko kwenye huo mtatuko. Kuilaza grafini juu ya kibebeo bila kuichana ni shida. Kwenye MIT hiyo hiyo, kundi la Rohit Karnik lililaza grafini juu ya plastiki ya polikaboneti yenye vitundu, na katika kazi waliyoichapisha mwaka 2015 walionyesha kwamba iliwabidi kwanza wazibe nyufa, kubwa zaidi kwa nailoni iliyotengenezwa papo hapo ndani ya ufa wenyewe, ndipo watoboe matundu waliyoyakusudia. Vipande vyenyewe vilikuwa vya sentimita, wala si vya mita. Na kibebeo kina lawama zake. Vitundu vyake vikiwa vipana, karatasi hupasuka juu yake. Vikiwa vyembamba na vya kuhesabika, sehemu kubwa ya grafini hukaa juu ya plastiki isiyopitisha kitu, na ule wepesi uliosifiwa kwenye kompyuta hupotea chini yake.

Iko njia ya pili, rahisi zaidi kutengeneza: oksidi ya grafini. Hapa vipande vidogo hupangwa juu ya kibebeo kama vigae vya paa, na maji hupenya katikati ya vigae. Kasoro yake ni kwamba ikilowa huvimba, nafasi hupanuka na chumvi hupita. Mwaka 2017 watafiti wa Manchester, Rahul Nair akiwa miongoni mwao, walivibana vigae hivyo kwa gundi ya epoksi visivimbe, wakaweza kuzuia kama asilimia 97 ya chumvi ya kawaida. Ni kazi nzuri. Bado ni kazi ya maabara.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hatukulijua kabla ya kuanza kusoma, na limetubadilisha tunavyofikiri. Ioni, yaani chembe ya chumvi yenye chaji, haisafiri majini peke yake. Huvutia molekuli za maji na kuzivaa kama joho, na chujio hukutana na joho kabla ya kukutana na mwenye joho. Floridi ikiwa tupu ni ndogo kuliko kloridi, mwenzake wa chumvi ya mezani. Lakini kwa sababu ni ndogo, huyashika maji kwa nguvu zaidi, na ikishavaa huwa kubwa kidogo kuliko kloridi iliyovaa. Tofauti yenyewe ni kama sehemu 2 za mia za nanomita ukipima kutoka kitovuni hadi ukingoni. Chujio linalotaka kuacha chumvi isiyo na madhara ipite na kuizuia floridi itabidi liitambue tofauti hiyo, na ufa wa nanomita chache unatosha kuifuta.

Wenzetu kadhaa waliosoma rasimu hii walisema: basi hiyo ni sayansi ya matajiri, tuachane nayo. Hapo hatukubaliani nao hata kidogo. Kujua jinsi Mungu alivyoviumba vitu hadi kwenye atomi moja si mali ya Manchester, na jandokasisi wa Afrika asiyetaka kulijua hilo amejinyima mwenyewe. Isitoshe, tando bora zingeweza siku moja kutufaa sisi kabla ya wengine. Tatizo letu liko kwenye neno "likishakuwa tayari". Mjukuu wa yule mama ana miaka saba mbele yake ambayo meno yake yanaumbwa. Barua haikutaja mwaka, na sisi tuliokwisha kusoma tunaona hakuna mtu mwaminifu angeweza kuutaja.

Na hata lingefika kesho, kuna maswali ambayo grafini haiyajibu. Chujio la namna hii haliiangamizi floridi. Linaihamisha. Upande mmoja hutoka maji mazuri, upande wa pili hubaki maji machache yenye floridi nyingi kuliko mwanzo. Yatamwagwa wapi? Kwetu, maji yanayomwagwa karibu na kisima hunywewa na ng'ombe na mbuzi, nao meno na mifupa yao huharibika kama yetu. Nani atasukuma maji umeme ukikatika? Nani atajua kuwa utando umechanika, ikiwa maji mabovu na maji mazuri yana sura moja? Chujio la chai likitoboka unaona majani kikombeni. Hili likitoboka utaona miaka kumi baadaye, mtoto akitabasamu.

Wakati huohuo kuna mambo yanayofanyika tayari, mengine ndani ya Kanisa. Jimbo Katoliki la Nakuru, Kenya, lilianza miaka ya 1990 kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hapa kwetu kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru, kimeshughulika na mkaa wa namna hiyo kwa miaka mingi. Mfupa uliochomwa ipasavyo huishika floridi kwa sababu ile ile inayoifanya floridi ishike meno yetu: madini ni yale yale. Mfupa wa ng'ombe ndani ya ndoo unafanya kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na mfupa wa mtoto. Una udhaifu wake, mkaa hushiba na lazima ubadilishwe, ukichomwa vibaya maji hunuka, na majirani zetu Waislamu wana haki ya kuuliza ni mifupa ya mnyama gani. Arusha pia ndiko alikotengenezea kichujio chake Dk. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela, kwa kuunganisha mchanga na chembechembe za nano. Mwaka 2015 alipata tuzo ya kwanza ya uhandisi kwa Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Katika barua ya mfadhili hakuna hata kimoja kati ya hivi, na tunadhani ni kwa sababu hakuna aliyemwandikia.

Lakini hata vichujio hivi si hatua ya kwanza. Tulipomaliza wiki ya pili kigangoni tuliuliza swali ambalo tulidhani lina jibu katika faili fulani: kisima hiki kina floridi kiasi gani? Tulimwuliza katekista, tukamwuliza mwenyekiti wa halmashauri, tukauliza parokiani. Hakuna aliyejua. Kisima kilichimbwa na misheni kabla hatujazaliwa, kikabarikiwa, kikawekewa kibao cha shukrani kwa wafadhili, na kwa miaka yote hiyo kimenywewa bila namba. Waliokichimba walitaka kina mama wasitembee kilomita nyingi, na walifaulu. Hatuwahukumu. Ila Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anapouliza katika Summa kama kutojua ni dhambi, anatofautisha: lisilowezekana kujulikana halina lawama, lakini mtu anapopuuza kujua jambo analopaswa kulijua, kupuuza huko ni dhambi. Tumelisoma hilo darasani na kulifanyia mtihani. Miaka ya zamani kupima floridi kijijini huenda lilikuwa jambo gumu kweli. Leo ni chupa safi ya plastiki, nauli ya kwenda mjini, na ada ya maabara ambayo ni ndogo kuliko gharama ya keki ya jubilei.

Kwa hiyo tulikwenda na chupa. Jibu lilirudi kwenye karatasi moja, na namba iliyoandikwa humo imekizidi kiwango mara kadhaa. Tungependa kuiandika hapa. Baba Paroko ametuomba tusiitangaze kabla ya kuisoma yeye mwenyewe mbele ya halmashauri, watu wasije wakakikimbia kisima kwa siku moja wakarudi mtoni, ambako maji ni mabaya zaidi. Tumetii, na tunaona ana sababu. Lakini tunasema wazi, kwa heshima yote, kwamba namba hiyo si ya kanisa wala ya seminari. Ni ya wanaokunywa maji hayo. Papa Fransisko katika Laudato Si', waraka wa mwaka 2015, anayaita maji salama ya kunywa haki ya msingi ya kila mtu. Hatuoni mtu anavyoweza kudai haki ya maji salama ikiwa haruhusiwi kujua kama maji yake ni salama.

Na akishajua, afanye nini? Hapa tuna pendekezo moja dogo ambalo halihitaji utando wowote. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa. Na jengo lenye paa kubwa kuliko yote kijijini pale ni kanisa. Tulilipima kwa hatua: kama mita 20 kwa 10, yaani mita za mraba 200. Kila milimita ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hata tukichukua mwaka mkavu wa milimita 500, zinaanguka lita 100,000. Tukitoa ya kusuuza paa na ya kumwagika, tuseme 80,000. Hazitoshi kijiji kizima, na ndiyo maana hakuna aliyezihesabu. Lakini floridi haiwaonei wote kwa kipimo kimoja. Inawaonea zaidi wale ambao meno yao bado hayajaota. Watoto 40 wa chekechea na walio chini yao, kila mmoja lita 5 kwa siku za kunywa na kupikiwa, wanatumia lita 200. Lita 80,000 zinawatosha siku 400. Mwaka una 365.

Tunajua pingamizi. Matangi ni ghali, na ndiyo gharama halisi ya mpango huu. Maji ya paani yana kinyesi cha ndege, hivyo mvua ya kwanza imwagwe na ya kunywa yachemshwe, na safari hii kuchemsha kutafanya kazi yake yote. Mzee mmoja alituuliza kwa nini watoto wake wakubwa wasipewe, nasi hatukuwa na jibu lililomfurahisha. Lakini matangi mafundi wetu wanajua kuyajenga, na likipasuka kila mtu anaona.

Tumemwandikia mfadhili, kwa idhini ya Baba Paroko. Tumemshukuru, tumemweleza habari ya kibebeo na nyufa zake, na tumemwomba fedha alizoziweka kando kwa ajili ya grafini azigeuze ziwe matangi mawili na mabati ya kukinga. Hajajibu bado. Halmashauri inakutana Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya misa ya pili, na namba itasomwa hapo. Gombera ametupa ruhusa ya kwenda. Tumeomba dakika 10, na yule mama wa WAWATA ametuambia atakuja na mjukuu.